Mkia wa Nkusu

Asubuhi ile Hadassa Ngoie alitoka nyumbani bila kunywa chai, na kwa wanaomjua hilo peke yake lilikuwa habari ya kutangaza redioni. Mwalimu huyu mstaafu, mwenye miaka sitini na minne, kisukari kidogo na hasira nyingi, hajawahi kuruka chai hata siku ya uchaguzi. Lakini Lise, binti yake, alimkuta mlangoni kitambaa cha kichwa kimekaa upande, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Mama, na chai?"

"Wachana na chai. Ule mama wa Lubumbashi alifika jana. Leo njo anaangalia ndege za tata yangu."

"Lakini Mama, docteur alisema..."

"Docteur hana tata mwenye banaita mwongo," Hadassa akajibu, na huyo akaondoka, kiatu cha pili akakivalia barabarani.

Ndege wenyewe walikuwa kumi na wawili, nao walikuwa wa karatasi. Mwezi wa tatu mwaka huu, mafundi waliokuwa wakibadilisha paa la ofisi ya zamani ya parokia ya Kimetodisti walisukuma rundo la vitabu vya nyimbo vilivyoliwa na mchwa, wakakuta sanduku la chuma. Ndani mlikuwa na karatasi kumi na mbili, pana kama trei ya kuanikia muhogo, kila moja na ndege wake: kigogota, mdiria, chozi, hondohondo na wenzao. Mistari ilichongwa Ulaya kwenye bamba la shaba, zamani sana, ikapigwa chapa kwa wino mweusi. Halafu mtu fulani alikaa chini na brashi akawatia rangi kwa mkono, unyoya kwa unyoya, kwa uvumilivu ambao mimi na wewe hatuna.

Mtu fulani nani? Hapo ndipo vita vilipokuwa.

Isaïe Ngoie, tata mwenyewe, baba yake Hadassa, alikuwa karani wa misheni. Maisha yake yote alisema jambo moja: kwamba mwaka wa 1957 daktari wa misheni alimpa karatasi hizo zikiwa nyeusi tupu, pamoja na kisanduku cha rangi, akamwambia, wewe una mkono mzuri, na ndege hawa unawaona kila siku, mimi nawaona mara moja moja, watie rangi. Akawatia. Mwaka wa sitini daktari akaondoka kwa haraka, sanduku likafungwa, na ndege hawakuonekana tena. Karani akabaki na maneno tu. Na maneno matupu, katika mji kama Kamina, wenye watu wanaopenda kucheka, ni kuku aliyechinjwa tayari.

Aliyemchinja alikuwa Zébédée Kitwa, katibu wa parokia, ambaye baba yake na Isaïe walitoka kijiji kimoja kule upande wa Kabongo. Zébédée ndiye aliyemtungia jina la "Karani wa Ndege". Mzee wa watu akipita, vijana wanapiga viwiko mbavuni kama mabawa. Na alipofariki, miaka thelathini na kitu iliyopita, ni Zébédée huyohuyo aliyesoma habari za maisha yake mbele ya jeneza: alizaliwa, alibatizwa, aliajiriwa, alizaa watoto saba. Ndege akawaruka. Hadassa alikuwa amekaa safu ya mbele, alimsikia anavyowaruka. Asiyekuwapo na lake halipo, lakini baba yake alikuwapo pale, amelala kwenye mbao za mninga, na lake bado likaachwa.

Kwa hiyo sanduku lilipopatikana, Hadassa aliimba njia nzima mpaka ofisini. Alidhani yamekwisha. Kumbe yalikuwa yanaanza. Zébédée aliziangalia karatasi zile, akazigeuza, akavua miwani.

"Ndege ziko," alisema. "Kwa ile, nilikosa. Lakini kazi ya namna hii, Mama Hadassa, angalia vizuri. Karani wa Kamina? Hii ni bazungu, bantu ya kazi yao."

Ona mambo. Kwanza Isaïe alikuwa mwongo kwa sababu ndege hawakuwapo, sasa alikuwa mwongo kwa sababu ndege walikuwa wazuri mno.

Jumapili ilikuwa jubile ya parokia, na karatasi zote zingetundikwa ukumbini ndani ya vioo, kila moja na kadi yake chini. Kadi angeandika Zébédée, maana mwandiko wake haujapata mpinzani tangu enzi za Zaire. Alikuwa ameshaandaa maneno: "Mchoro: Ulaya. Rangi: Ulaya." Hadassa alipiga meza. Mchungaji Abdias, kijana mpole asiyependa kelele, akasema wataita mtu wa kazi hiyo kutoka Lubumbashi, na atakalosema yeye ndilo litakaloandikwa. Wote wawili wakakubali. Basi akisema Ulaya, kadi itaingia nyuma ya kioo, fremu itapigiliwa misumari, na Isaïe Ngoie atazikwa mara ya pili, safari hii kwa maandishi.

Sasa unaelewa kwa nini chai ilibaki mezani.

Ukumbini walikuwa wameunganisha meza mbili na kuzitandika shuka jeupe. Mtaalamu mwenyewe, Gisèle Tshiala, mwanamke wa miaka arobaini hivi, alikuwa amevaa glavu nyeupe na kuning'iniza kioo cha kukuzia shingoni. Mchungaji alikuwa amesimama kando. Zébédée alikaa mwisho wa meza na kadi zake kumi na mbili, amezipanga kama karata, kalamu kulia.

"Mama Hadassa," akasema Zébédée, "umekuya na miguu ao na mabawa?"

"Nimekuya na masikio, Tata Zébédée. Nataka kusikia sauti yako saa utakuwa unaomba pardon."

Mchungaji akakohoa, akaomba, kazi ikaanza.

Sitaki kukudanganya: dakika zile Hadassa alisahau hata vita. Hakuwa amewaona karibu hivyo, kwenye mwanga wa dirisha. Mdiria alikuwa na buluu iliyokaa kama imepakwa asubuhi hiyo. Kichwa cha kigogota kilikuwa chekundu cha kuita. Chozi alikuwa mdogo, mdomo umepinda, na kifuani kijani kilibadilika kila Gisèle alipoinua karatasi. Hadassa alijikuta amesimama juu ya vidole vya miguu, mikono ameibana kwapani asije akagusa. Akasema moyoni, Tata, wewe, mkono huu, mkono huuhuu ulionifunga vifungo vya sare?

Gisèle alikuwa akienda taratibu, karatasi baada ya karatasi, jicho kwenye kioo.

"Rangi zote zimetoka mu kisanduku kimoja," alisema mwishowe. "Nyekundu ni moja, kijani ni moja, kwa zote."

"Unasikia?" Hadassa akamgeukia Zébédée.

"Ngoja kwanza, Mama. Hata atelier ya Ulaya, ile nyumba ya bafundi, inakuwaka na kisanduku kimoja. Ile haisemi kitu."

Zébédée akapangusa kalamu yake kwa kitambaa, polepole, na asicheke. Kutocheka kwake kuliudhi kuliko kucheka.

Karatasi ya mwisho ilikuwa ya nkusu, kasuku yule wa kijivu. Gisèle alipoifunua, wote wanne waliinama. Kijivu kilikuwa kimefanywa kwa ustadi wa kutisha, kila unyoya na ukingo wake mweupe, jicho la manjano linakuangalia kama linakudai salamu. Ila mkia. Nani asiyejua kwamba mkia wa nkusu ni mwekundu? Mkia huu ulikuwa mweupe, karatasi tupu, na mistari ya wino peke yake.

"Aa," Gisèle akasema, na akatabasamu, tabasamu la mtu aliyepata alichokuwa anatafuta. "Hapa sasa naelewa. Ku Ulaya, bale batu ba rangi balikuwa banaikaa ku meza, munstari. Mumoja iko na kijani, mwingine na kijivu, mwingine na nyekundu. Karatasi inapita kwa mukono na mukono. Hii moja ilirukaka mutu wa nyekundu. Iliponyoka. Ni alama ya atelier, Mama Hadassa. Mutu mumoja, peke yake na ndege yake, hawezi kusahau mukia."

Nje mtu alikuwa anapiga pikipiki teke la kuiwasha, haiwaki, anapiga tena.

Hadassa akakaa kwenye benchi. Haikuwa hasira tena, ilikuwa kitu kibaya kuliko hasira: kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliona inawezekana baba yake alisema uongo. Kwamba aliona ndege wa daktari mara moja mezani, akawatamani, akawafanya wake. Alimwonea huruma na akamwonea aibu, vyote pamoja, na akajichukia.

Zébédée alivuta kadi ya kwanza. Akaandika "Rangi:" kwa mwandiko ule wake wa kiburi.

"Pole, Mama Hadassa," akasema, na lililo baya zaidi ni kwamba alimaanisha.

Gisèle naye aliigeuza karatasi ya nkusu ili atazame mgongo wake kabla ya kuifunga. "Ona, kuko na ukungu kidogo hapa," akasema. "Nitaipangusa, isiende kwa zingine." Akachukua brashi laini kutoka kwenye mkoba.

Hadassa alitazama kwa sababu tu macho hayakuwa na pa kwenda. Aliona alama mbili nyeupe, zimekaa bega kwa bega, nene juu, nyembamba chini. Sasa, mwanamke huyu alifundisha miaka thelathini na nane. Ameona vidole vyeupe vya chaki kwenye sare, kwenye madaftari, kwenye mashavu ya watoto, kwenye sketi zake mwenyewe. Kabla hajajua anafanya nini alikuwa amesimama, na mkono wake umeshika mkono wa Gisèle, glavu na brashi na vyote.

"Acha."

"Mama, ni ukungu tu."

"Ukungu haijue kupiga munstari. Ile ni vidole. Angalia. Kimoja, kiwili. Muntu alivuta kutoka juu kuya chini." Alikuwa anahema kana kwamba amekimbia kutoka stesheni. "Inua karatasi ku dirisha. Inua tu, nakuomba."

Gisèle akasita, kisha akainua. Mwanga ukapita. Na wote wakaona: alama zile mbili zilikaa sawasawa nyuma ya mkia. Hazikuwa nyuma ya kichwa wala pembeni, zilikuwa nyuma ya mkia ule mweupe, ndani ya mipaka yake, kama mtu aliyetia sahihi mahali alipoonyeshwa.

"Inaweza kuwa craie, chaki ya masomo," alisema Mchungaji Abdias. "Mutoto alichezeaka."

"Mutoto gani, mu sanduku ya kufungwa?" Hadassa akauliza. Alijua vidole, hakujua ni vya nani wala vilitafuta nini hapo. Alizaliwa mjini, akakulia shule ya Jumapili, mambo ya nyuma ya hapo baba yake hakuwahi kuyafungua.

Ndipo akasikia kalamu ikiwekwa mezani. Zébédée alikuwa amesimama. Alikuja upande wa dirisha akivuta mguu wake wenye jongo, akavua miwani, akaivaa, akaivua tena. Uso wake ulikuwa umebadilika. Kumbuka kwamba mtu huyu angeweza kunyamaza. Pale ukumbini ni yeye peke yake aliyejua, na kadi alikuwa ameshaianza.

"Haiko craie," akasema. "Ile ni mpemba."

Mpemba ni udongo mweupe, na katika nchi ya Waluba mzee wa utawala akikupaka, amekwambia jambo lako ni safi, enenda. Zébédée hakueleza hayo, hakuna Mluba anayehitaji kuelezwa, na Gisèle alielewa kutokana na jinsi mchungaji alivyoshtuka.

"Kwetu," Zébédée akaendelea, sauti imeshuka, "ku kijiji yetu na Isaïe, manyoya nyekundu ya nkusu ilikuwaka ya mulopwe, mwenye kutawala. Muntu bule akiokota moja mu pori, hailale mu nyumba yake. Anaipeleka kwa chef, anapiga magoti. Nkambo, babu yangu, alikuwaka anabeba kiti ya chef. Nilionaka na macho yangu, mutoto. Muntu analeta maneno ya nkusu, chef anasikia, anachovya vidole viwili, anavuta hivi." Akavuta vidole hewani, kutoka juu kwenda chini. "Maana yake: nimeona, iache vile iko."

Akaugeukia mkia mweupe.

"Isaïe alitia rangi yote. Kufika ku mukia, mukono ilikataa. Akafunga karatasi, akaenda nayo kule kwetu. Haiko mutu wa Ulaya njo alienda kupiga magoti kule, Mama Gisèle. Bazungu hawaogopi mukia ya nkusu."

Gisèle aliilaza karatasi, akainama na kioo chake, safari hii pale kijivu kinapokutana na mweupe, akakaa hapo muda mrefu hata Hadassa akatamani kumtikisa.

"Merde," akasema kwa sauti ndogo, kisha, "pardon, Pasteur. Angalieni. Ku atelier, mutu wa kijivu hasimame hapa. Anapitisha kidogo ndani ya mukia, kwa sababu anajua nyekundu itakuya kufunika. Huyu hapana. Brashi ilifika ku mupaka, ikarudi. Ilifika, ikarudi. Nywele kwa nywele. Na nyekundu alikuwa nayo, ni ile ya kichwa ya kigogota." Akanyanyuka. "Hakusahau. Alikataa. Na kama rangi ya zote imetoka mu kisanduku kimoja, basi zote ni za mukono wake. Nilikosa, Mama Hadassa."

Hadassa alipiga kigelegele kimoja, kikali, ambacho wauzaji wa mahindi barabarani walikisikia, wakadhani kuna harusi. Akamshika Gisèle mabega, akamzungusha na glavu zake. Tata hakuwa mwongo. Hakuwa mwongo siku hata moja.

Kisha akaona uso wa mchungaji, na furaha ikasimama njiani.

Karani wa misheni, mwaka wa 1957, amepiga magoti mbele ya chifu kwa ajili ya mpemba. Wakati ule wangemtoa kwenye kwaya Jumapili, na Jumatatu wangemtoa kazini. Hadassa alielewa mara moja. Ushahidi baba yake alikuwa nao. Miaka yote ile ya viwiko na vicheko angeweza kusema, tafuteni sanduku, geuzeni karatasi ya nkusu, mtaona. Alikuwa na watoto saba wa kulisha kwa mshahara wa misheni. Alichagua kuitwa mwongo.

"Mama," Mchungaji Abdias akasema kwa upole, "jina yake tutaandika. Ile ni haki. Lakini ya mpemba... tunaweza kuiacha. Bazee bamoja batasumbuka roho. Jina inatosha, hapana?"

Ilikuwa zawadi, na ilitolewa kwa moyo mzuri. Jina ndilo alilolipigania. Hadassa aliitazama karatasi, akautazama mkia mweupe.

"Pasteur, tukiandika jina bule, kesho muntu atapita, ataona mukia, atasema: karani aliishiwa rangi. Ao alisahau. Miaka yote alifunga kinywa kwa ajili yetu, sisi batoto. Sasa tumekuwa bakubwa. Andikeni yote."

Mchungaji alikuwa kijana, na Jumapili angekuwa na wageni, na askofu.

"Kanisa imeona mambo makubwa kupita vidole viwili," akasema hatimaye. "Tata Zébédée, andika."

Zébédée alichana kadi aliyoianza, akachukua mpya. Hadassa akasimama nyuma yake, kama alivyosimama nyuma ya watoto wa imla, akamtajia neno kwa neno:

*Nkusu. Mchoro: Ulaya. Rangi: Isaïe Ngoie, karani, Kamina, 1957. Mkia haukupakwa, kwa sababu haukuwa wake kuupaka. Mpemba iliyo nyuma ni ya chifu wa kwao.*

"Nukta," alisema Hadassa.

Lakini kalamu haikusimama. Zébédée aliendelea kuandika, chini kabisa, pale ambapo katika daftari la ndoa za parokia mashahidi huweka majina yao ili asije mtu kesho akakana. Hadassa alifungua kinywa amuulize anaongeza nini tena. Maneno ya miaka thelathini alikuwa ameyaweka tayari, makali, yamepangwa. Akainama asome.

*Témoin: Zébédée Kitwa.*

Herufi za jina zilikuwa zimelala huku na huku, na K imemwaga wino, mwandiko ambao mtoto wa darasa la pili angerudishiwa. Hadassa alisoma mara mbili, maana mara ya kwanza machozi yalimziba. Alilia pale pale, kwa sauti, bila kujificha, mkono wake umeegemea bega la mtu ambaye hakuwa amemgusa tangu siku ya mazishi.

"Tata Zébédée," akasema alipoweza kusema, "leo umeandika mubaya."

"Naona. Niandike ingine?"

"Hapana," alisema Hadassa. "Iache vile iko."